Safari wala Mahali: Swali la Mkahawani Kandara

Mswahili anayeingia kwa mara ya kwanza katika mkahawa wa wali mtaani Kandara, mjini Jeddah, huulizwa swali ambalo kila neno lake analijua na jibu lake halijui. Keshia anamtazama, kalamu mkononi, anamuuliza: "Safari walla mahalli?" Mgeni anasikia safari, anasikia wala, anasikia mahali. Sarufi inamgomea. Wapo wanaojibu kwa heshima zote kwamba safari ilikuwa njema, wamefika na ndege ya alfajiri, alhamdulillahi. Foleni inaguna. Keshia anakata shauri mwenyewe, anamfungia wali kwenye foili, anautia mfukoni, na mtu aliyetaka kuketi ale kwa raha zake anajikuta barabarani na mfuko wa moto mkononi.

Maana yenyewe ni nyepesi. Safari ni chakula cha kuondoka nacho, mahalli ni cha kula papo hapo. Ndilo swali utakaloulizwa kote Saudia, kuanzia vibanda vya shawarma vya Riyadh hadi Albaik, duka la kuku wa kukaanga lililoanzia Jeddah mwaka 1974 na ambalo foleni yake haijakatika mpaka leo. Watu wetu wakirudi nyumbani husimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi hucheka nao, ila naona kicheko hicho hukoma mapema mno. Ndani ya swali la keshia mna historia ndefu ya nani anaruhusiwa kuketi na kula, na nani hana ruhusa hiyo. Historia hiyo inatugusa sisi zaidi ya tunavyodhani.

Kwanza mtaa wenyewe. Mkenya akisikia Kandara atafikiri Murang'a, na hana kosa. Hii ni nyingine. Ni mtaa ulioota nje ya ukuta wa Jeddah kongwe, ukuta uliobomolewa mwaka 1947. Uwanja wa ndege wa zamani ulikuwa upande huo, na hadi mwaka 1981, ulipofunguliwa Uwanja wa Mfalme Abdulaziz kaskazini mwa mji, mahujaji wa ndege walitua huko. Hoteli ya Kandara Palace ilikuwa miongoni mwa hoteli za mwanzo za Jeddah. Siku hizi fahari hiyo imehamia kwingine. Kandara ni mtaa wa watu wa kazi, wa lugha nyingi na wa mikahawa ambayo milango yake haifungwi mpaka usiku wa manane.

Sasa lugha, na nitaipitia haraka kwa sababu watu hupenda kukwama hapa. Ile -i ya mwisho katika Kiarabu hugeuza jina likawa sifa. Bukhara huzaa Bukhari, Hijaz huzaa Hijazi, na safar, yaani mwendo wa mbali, huzaa safari, "cha safari". Mahall ni pahala, mahalli ni "cha hapa pahala". Walla yao ni "au" na imetokana na wa illa. Wala yetu imetokana na wa la, ndiyo maana pale wao wanapochagua, sisi tunakanusha. Hilo la kukanusha liweke akilini, nitalirudia.

Panaponoga zaidi ni kwenye neno jingine la mzizi huo huo. Katika Kiarabu cha kale sufra lilikuwa jina la chakula anachoandaliwa msafiri. Kutoka hapo likahamia kwenye ngozi iliyobebea chakula hicho. Msafiri akifika kituoni aliikunjua ngozi ile chini na kula juu yake. Mwisho likawa jina la kitandiko chochote cha kulia, na kwingine la meza yenyewe. Ukikubali kula mahalli katika mkahawa wa wali wa Bukhari, utavua viatu, utaketi sakafuni, na kijana atakutandikia nailoni nyembamba aliyoichana kwenye roli. Nailoni hiyo ndiyo sufra. Mla hapa anakula juu ya neno la mwenda mbali.

Na si ngano ya wenye kamusi tu. Mtume Muhammad (s.a.w.) na Abubakar walipojiandaa kuhama Makka kwenda Madina mwaka 622, nyumbani kwa Abubakar waliandaliwa chakula cha njia. Kukakosekana cha kufungia mfuko. Asma binti Abubakar akauchana mshipi wake, akafungia chakula kile, na kwa tendo hilo akabaki na lakabu ya Dhatun-Nitaqayn, mwenye mishipi miwili. Kila mtoto wa chuoni Lamu na Unguja amesimuliwa. Nasi tunapolisimulia tunalitaja kama tendo la imani, na ni sawa, lakini lilikuwa vilevile tendo la jikoni. Binti aliyebaki anawafungia chakula wanaoondoka, tena kwa haraka na kwa siri. Kwa hesabu zangu, hakuna chakula cha safari katika ardhi ya Hijazi kinachokumbukwa kuliko kile.

Wali wa Bukhari nao uliletwa na watu waliohama. Waislamu wa Asia ya Kati walioukimbia utawala wa Kisovieti waliingia Hijazi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wakaja na wali wao wa karoti na zabibu kavu. Hijazi ikaufanya wake. Leo kuku anazungushwa kwenye chuma mbele ya moto dirishani, anakatwa nusu au robo, analazwa juu ya wali, na pembeni unawekewa kibakuli cha nyanya iliyopondwa na pilipili wanachokiita dakusi. Mla pilau wa kwetu hahitaji kufundishwa. Atalalamika kidogo tu kwamba bizari haijakolea.

Kwetu nako chakula na safari vilishikana tangu zamani. Katika misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji, mpagazi alipimiwa kibaba cha nafaka kwa siku, na mgao huo ukaitwa posho. Misafara ikafa, reli ikaja, posho ikabaki. Nenda Uganda uone. Huko posho ni ugali, na mwanafunzi wa bweni Kampala hula posho na maharage pasipo kuwaza kwamba jina la chakula chake lilikuwa ujira wa mtu aliyebeba pembe kichwani. Safari yenyewe Waingereza waliichukua kwetu katika karne ya 19, Theodore Roosevelt akaja Afrika Mashariki mwaka 1909 kuwinda na kuzidi kuitangaza, utalii ukaimaliza. Kisha ikarudi Uarabuni na sura mpya. Katika Msimu wa Riyadh, tamasha lililoanza mwaka 2019, palitengwa eneo la wanyama likaitwa Riyadh Safari. Kwa Kiarabu hiyo huandikwa kwa alifu ya ziada, kwa hiyo haichanganywi na ile ya mkahawani. Mtu wa Riyadh anaweza kutoka safari kuona twiga na njiani akanunua wali wa kabsa wa safari, na asione ajabu yoyote.

Lakini kwa nini swali hili limeshika mizizi Saudia kiasi hiki? Kila nchi ina chakula cha kubeba. Wamisri wanasema tekawei kama sisi. Maskat, katika mikahawa ya Wahindi wa Kerala, utasikia paseli. Saudia nadhani sababu ni kuta.

Kwa miongo mingi mkahawa wa Saudia ulitakiwa kuwa na milango miwili. Mmoja uliandikwa afrad, watu mmoja mmoja, maana yake wanaume. Wa pili uliandikwa awa'il, familia, maana yake wanawake na walio nao. Mwenye mtaji alijenga pande zote mbili, na upande wa familia akautia mapazia na vizuizi vya mbao ili kila meza iwe chumba. Mwenye kimkahawa cha wali mtaani hakuwa na nafasi ya upande wa pili wala fedha za kuujenga. Kikawa cha wanaume tu. Mwanamke akifika pale, akiwa peke yake au na watoto wake, swali la safari na mahalli halikuwa swali tena. Chake kilikuwa safari. Alisubiri garini, au nje kando ya mlango, aletewe mfuko. Wengi hawakufika kabisa. Alitumwa mume, au kaka, au dereva, akasimama kwenye kaunta na orodha kwenye simu mkononi, kuku wawili, wali, dakusi ya ziada, mkate.

Desemba 2019 Wizara ya Manispaa na Mambo ya Vijijini iliondoa sharti la milango miwili. Haikuamuru kuta zivunjwe. Iliacha kila mwenye mkahawa aamue mwenyewe, na baadhi waliziacha. Miezi mitatu haikupita sana, Machi 2020 ikafika, na korona ikafunga meza za kila mtu. Kwa wiki kadhaa nchi nzima ilikula safari. Mwanamume aliyezoea kuvua viatu na kuketi alisimama pale pale aliposimama mama yake miaka yote, mlangoni, akisubiri mfuko.

Sasa ingia mkahawani saa saba mchana utazame nani anajibu nini. Anayesema "safari" aghalabu ni mwenyeji. Ana gari linalonguruma nje, ana nyumba, ana watu wanaomngoja. Anayesema "mahalli" ni fundi wa viyoyozi, ni dereva wa lori, ni mlinzi wa zamu ya usiku. Wali unapimwa kwa nafari, yaani kipimo cha mtu mmoja, ila nafari moja ya Kandara huwashibisha wawili wasio na aibu na watatu wenye subira. Wanaketi kuizunguka, wanachanga riali, mmoja anachambua kuku kwa vidole na kumsogezea mwenzake kipande chenye ngozi. Wakimaliza, kijana anakunja nailoni na mifupa yote ndani, anatupa, anatandika nyingine. Wanaume hao ndio wasafiri wa kweli mle ndani, na ndio wanaoandikiwa mahalli. Aliyeandikiwa safari anakwenda kwake, dakika kumi.

Na dada zetu?

Swali hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wanawake wa Kenya na Uganda waliokwenda Saudia kufanya kazi za ndani wamekuwa wengi mno katika miaka hii, na Watanzania wamo. Miongoni mwao wapo wanaopata siku yao, wakatoka, wakakutana, wakala pamoja na kucheka kwa Kiswahili mpaka magharibi. Nawajua na nafurahi kwa ajili yao. Lakini wengi wanachokijua kuhusu mkahawa wa wali ni mfuko. Unaletwa nyumbani, wao ndio wanaoufungua, wanatandika sufra, wanapanga, wanasubiri wenye nyumba wale, wanakunja. Hawakuulizwa na keshia. Hawakuwahi kusimama mbele ya kaunta.

Mageuzi ya ajira ya Machi 2021 yaliwaruhusu wafanyakazi wa kampuni binafsi kutoka nchini bila kibali cha mwajiri. Wafanyakazi wa majumbani waliachwa nje, pamoja na madereva wa familia, watunza bustani na wachunga mifugo. Kwa hiyo dada huyo hawezi kuondoka kwa hiari yake, na hapo alipo hana anapoweza kuketi na kusema hapa ni pangu kwa saa mbili. Ile tafsiri mbovu ya mgeni wetu wa mwanzo, aliyesikia Kiswahili pasipo na Kiswahili, imemkaa yeye sawasawa. Hana safari wala mahali.

Wenye umri wa kukumbuka watasema Kandara ililijua jambo hili kabla yetu. Katika miaka ya 2000 na mwanzoni mwa ile ya 2010, chini ya daraja la Kandara walilala watu walioishiwa muda wa vibali au waliowakimbia waajiri, Wafilipino, Waindonesia na wengineo, wanawake na watoto wakiwamo. Walitandika maboksi. Walikuwa wakisubiri wakamatwe. Kwa aliyeshikiliwa pasipoti na mwajiri wake, kukamatwa na kurudishwa kwao kwa nguvu kulikuwa ndiyo tiketi iliyobaki. Magazeti yaliandika, balozi zilishughulika, na serikali ikaja na kipindi cha msamaha mwaka 2013. Fikiria mtu anayeomba polisi wampe safari kwa sababu mwajiri amemnyima, naye amelala mwendo wa dakika chache kutoka kwenye mikahawa ambako neno hilo linaulizwa mchana kutwa kuhusu kuku.

Najua nitakachojibiwa. Kwamba fedha zinazotumwa nyumbani zinajenga, zinasomesha, na mtu hakwenda Saudia kukaa mkahawani. Kweli. Lakini anayesema hivyo mara nyingi ameketi kwa mama ntilie akisubiri sahani yake, na hajioni kuwa anastarehe. Kula umekaa, mahali ulipopachagua mwenyewe na mtu uliyemchagua mwenyewe, ni kitu kidogo kabisa kati ya vitu ambavyo mfanyakazi anastahili. Udogo wake ndio unaonitia mashaka nikisikia kimekosekana. Aliyenyimwa hicho, amenyimwa vingapi vikubwa kabla yake?

Na kwa kuwa nimemtaja mama ntilie, jina lake lenyewe ni ombi la mteja: mama, nitilie. Yeye akiuliza, huuliza "Unakula hapa au nikufungie?" Nairobi kwenye kibanda ataulizwa "Unakulia hapa ama ni ya kubeba?" Maswali haya yana watu ndani yake, mmoja anafunga na mwingine anabeba. Tulipopiga marufuku mifuko ya plastiki, Kenya mwezi Agosti 2017 na Tanzania Bara mwezi Juni 2019, mfuko ulikufa na kitenzi kikabaki. Chakula kimehamia kwenye kopo na karatasi na bado "kinafungwa", hata pale ambapo hakuna fundo lolote. Wanaosumbuka kutafuta neno la kisasa badala ya tekawei wapumzike. Chakula cha kufunga kinatosha, na Asma aliwatangulia kwa karne nyingi. Safari tuiachie kazi yake.

Narudi kwenye jambo zito. Kanuni za wafanyakazi wa majumbani zilizopitishwa na baraza la mawaziri la Saudia mwaka 2013, zilizotumika hadi 2024, zilitaja siku moja ya mapumziko kwa wiki, kwa kadiri pande mbili zitakavyokubaliana, na mapumziko yasiyopungua saa tisa kwa siku. Maneno "zitakavyokubaliana" ndiyo yaliyobeba mzigo wote. Mkataba usiposema siku, mwajiri akitaka atasema haikuwamo, na binti aliye ndani ya nyumba ya ghorofa, bila simu wakati mwingine, hatakuwa na la kumwonyesha. Mawakala wengi wanalijua hili. Katika mafunzo ya kabla ya safari binti hufundishwa kutumia mashine ya kufulia, kupiga pasi thobe, na kusema naam na hadhir. Sijaona kwa nini asifundishwe pia "safari" na "mahalli", na pamoja nayo sentensi ya tatu: leo ni siku yangu.

Kwa hiyo neno langu ni kwa jamaa zake, waliobaki Mombasa, Tanga, Mbale au Mwanza. Kama una dada, binti au shangazi anayesubiri viza, msikimbilie kifungu cha mshahara peke yake. Ombeni mkataba kwa lugha mnayoisoma. Tafuteni pameandikwa siku gani ya wiki ni yake, inaanza saa ngapi, na kama anaruhusiwa kutoka nje ya nyumba siku hiyo. Ikiwa haimo, wakala aiandike kabla binti hajaweka saini. Akikataa kuiandika, tafuteni wakala mwingine.